Wanafunzi wa software walivyoniumbua mimi na filimbi yangu ya mfereji

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, rika langu salaam, vijana mtaniamkia kwenye comments.

Huwa ni msomaji tu hapa. Ila juzi kuna mtu kaanzisha uzi kwamba vyuo vyetu vinafundisha software engineering kwa makaratasi, mhitimu anatoka na joho lake hajawahi kukaa na mteja hata mmoja. Watu wakatukana vyuo kurasa saba. Nikataka kuchangia palepale, nikaona yangu itakuwa ndefu.

Haya ninayoandika niliyaishi. Pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki. Bahati mbaya sehemu za aibu ndizo nazikumbuka vizuri.

Niseme mapema kwamba mimi ni darasa la saba, na hapa naandika kwa simu ya binti yangu. Nikikosea neno la kitaalamu nisahihisheni taratibu, msinirukie kama mnavyomrukiaga yule jamaa wa mada za magari.

Tuendelee.

Natokea huku Meru, mlimani, ukipandisha kutoka Maji ya Chai kuelekea Nkoaranga. Maisha ya kwetu ni mfereji. Maji yanachepushwa mtoni kwenye banio, yanashuka kwa mfereji wa udongo waliouchimba babu zetu, na kila kaya ina zamu yake mara moja kwa wiki.

Mimi nilikuwa Katibu wa mfereji. Sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na vitu viwili, mwandiko unaosomeka na saa ya mkononi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaya ishirini na nne, kaya nne kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kila kaya saa tatu, kuanzia kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Jua likizama maji ni ya watu wa bondeni, hayo ni makubaliano ya mababu na hakuna wa kuyagusa. Jumapili maji ni ya ng'ombe na ya kufulia. Saa ya mtu ikiisha napuliza filimbi, anafunga kwake kwa udongo na vigogo vya mgomba, mwenzake wa chini anafungua.

Zamani hakuna aliyejali sana, maana shambani ilikuwa kahawa, na kahawa ni mvumilivu. Ikaja ruksa, soko likaachiwa, bei ikaporomoka mpaka ukichuma unajiona mjinga. Watu wakang'oa mikahawa, wakapanda nyanya, karoti, na maharage machanga ya kupeleka Ulaya. Sasa maharage hayo ni kama mtoto wa tajiri. Akikosa maji siku moja tu ananuna, na mnunuzi akiyaona yamejikunja anayakataa palepale mbele yako.

Basi ugomvi wa maji ukawa kila wiki, na mimi katikati na filimbi yangu.

Miaka hiyohiyo vyuo binafsi vilikuwa vinaota kama uyoga wa masika. Kimoja kikaota barabarani huko chini, jina nalihifadhi. Kilikuwa na mhadhiri wa kompyuta waliyemwita Dokta, mtoto wa Kaloleni pale mjini, mtu mpole ana kofia yake ya kufuma. Huyu alikuwa na utaratibu wake. Mtihani wa mwisho wa mwaka hakuwapa wa karatasi. Aliwagawa wanafunzi makundi, akawaambia kila kundi likatafute mtu mwenye shida ya kweli, limtengenezee program, aitumie, halafu asaini karatasi kwamba imemsaidia.

Hakuna saini, unarudia mwaka. Hakuna cha nusu maksi wala kuonewa huruma.

Alikuwa na msemo wake, "Ng'ombe hakamuliwi ubaoni." Wenzake chuoni walimwona kama kachanganyikiwa kidogo. Sijui, labda na mimi ningekuwa mhadhiri ningemwona hivyohivyo.

Kundi moja likanipata mimi.

Walikuwa wanne, ila nitawataja wawili maana ndio waliokuwa wanaongea. Kiongozi alikuwa Zuhura, binti wa mjini, mkimya lakini ana maswali kama hakimu. Mwingine Goodluck, wa Sombetini, anaongea haraka kama kondakta na alikuja na viatu vyeupe siku ya matope. Nilimwonea huruma. Hapana, niwe mkweli, nilifurahi.

"Shikamoo baba," Zuhura akaanza. "Wewe ndiye utakuwa client wetu."

Wakuu, sijawahi kuwa client wa kitu chochote. Jioni nikamwambia mke wangu, "Kuanzia leo mimi ni client."

Akasema, "Hongera. Kamfunge yule mbuzi, ameingia kwenye mchicha."

Walinihoji siku tatu. Zuhura anauliza, Goodluck anaandika. Walitaka kujua kila kitu: kaya ngapi, majina, nani anamfuata nani. Nikawapa na daftari langu walinakili lote.

Swali moja nalikumbuka neno kwa neno. Zuhura aliniuliza, "Baba, kila mtu anapata saa ngapi?"

"Saa tatu tatu. Bila upendeleo."

"Hakuna anayefanyiwa tofauti? Hata mmoja?"

"Hakuna," nikasema na kifua nikakitoa. "Hapa hata Mwenyekiti anasubiri filimbi."

Kumbukeni jibu hilo.

Baada ya kama mwezi wakarudi na laptop nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na ratiba wameshaiprinti. Imepigwa mistari, ina rangi, kila siku na majina yake, kuanza saa hii kumaliza saa hii. Ukitaka kubadilisha zamu unabonyeza na ratiba inajipanga upya yenyewe. Tukabandika moja kwenye ubao wa matangazo wa kanisani na nyingine dukani.

Watu waliipenda! Wengi walikuwa wameshanunua simu za tochi, kwa hiyo kila mtu ana saa mfukoni. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mkali mwenye shamba la juu kabisa, akasema mbele za watu, "Sasa ndiyo maendeleo. Katibu, filimbi hiyo mpe mjukuu wako acheze."

Nilicheka pamoja nao, na filimbi nikaitundika ukutani. Ndani kitu kikanichoma, nikadhani ni wivu wa kazi. Nilijilaumu hata kwa huo wivu.

Alhamisi ya kwanza kimya. Alhamisi ya pili, jioni, nikasikia jembe linagongwa mlangoni kwangu.

Alikuwa Mama Anaeli. Huyu mama ni mjane, shamba lake ndilo la mwisho kabisa kwenye mfereji, ng'ambo ya korongo. Zamu yake ni ya mwisho Alhamisi, saa tisa mpaka kumi na mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Katibu, kompyuta yako imekunywa maji yangu."

"Kompyuta haina mdomo, mama."

"Basi nenda kaniambie nani mwenye mdomo. Maji yamefika kwangu saa kumi imepita. Sijamaliza nusu ya matuta, watu wa bondeni wameshafunga banio. Ni wiki ya pili hii. Ya tatu sitakuja na jembe, nitakuja na hayo maharage nikumwagie hapa mlangoni."

Nikashuka Maji ya Chai kununua vocha, nikampigia Zuhura. Nilifoka, wakuu. Nikamwambia program yao ni takataka, saini yangu wasahau.

Zuhura hakupandisha sauti. "Baba, tuliandika ulichotuambia."

"Mimi nilikwambia umkaushe mjane?"

"Ulituambia saa tatu tatu. Mama ana saa tatu. Angalia ratiba."

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira ya mtu ambaye anajua, lakini hajakubali kwamba anajua.

Alhamisi iliyofuata Dokta alikuja mwenyewe na wale wanne. Amevaa gambuti. Goodluck safari hii amevaa ndala, ameshajifunza. Nilitegemea Dokta awagombeze vijana mbele yangu nipoe moyo. Hakuwagombeza. Alisema tu, "Leo hakuna kompyuta. Leo tunatembea na maji."

Saa tisa kamili, shamba la tatu lilipofunga, akachukua ganda kavu la mgomba, akalitia mferejini pale mbele ya ulimi wa maji. Akamwambia Goodluck aandike muda. Tukaanza kushuka nalo.

Kama hujawahi kufuata maji kwenye mfereji uliokauka, hujui uvivu ni nini. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanaingia mashimo ya fuko, yanasimama kabisa kwenye mchanga kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Mfereji wenyewe unakunywa kwanza ndipo uruhusu wengine. Ganda letu lilikwama mara nyingi. Goodluck alianza kulitukana, kisha akawa analibembeleza.

"Twende basi mwanangu, tembea, mama anakusubiri."

Lilipofika kwa Mama Anaeli Goodluck akaangalia simu yake. Saa kumi na robo. Saa nzima na dakika kumi na tano njiani.

Wale vijana niliona nyuso zao zinabadilika. Hata mwanafunzi mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake akasema, "Kumbe maji yana safari."

Ndipo Zuhura akanigeukia na lile jicho la hakimu. Taratibu, kwa heshima zote.

"Baba, sasa miaka yote kabla yetu, Mama alikuwa anamwagiliaje shamba zima?"

Wakuu, nilitazama chini. Nikaona gambuti za Dokta. Nikatazama juu, nikaona Dokta anatazama saa yangu ya mkononi.

Hiyo saa. Miaka mingi pale mferejini saa ilikuwa yangu peke yangu, na hata simu zilipoingia watu waliendelea kufuata filimbi bila kuangalia. Na mimi, kila Alhamisi, filimbi ya saa tatu asubuhi nilikuwa naipuliza saa mbili na dakika arobaini. Ya saa sita naipuliza saa tano na dakika ishirini. Ya saa tisa naipuliza saa nane kamili. Dakika ishirini kwa kila mmoja wa wale watatu wa juu, jumla saa nzima, ili maji yaanze safari mapema. Katibu aliyenitangulia alinionyesha hivyo kwa vitendo, hakunieleza, na mimi sikuwahi kuandika. Mtu akiniuliza nasema saa tatu tatu, na nilipokuwa nasema nilikuwa naamini.

Kibaya zaidi, kuna shule ya msingi jirani. Kengele yao ya saa tisa ilikuwa inalia saa nzima baada ya filimbi yangu. Watu wakawa wanasema mwalimu wa zamu ni mvivu, anachelewa kugonga. Alisemwa sana yule mwalimu. Mimi sikumtetea hata siku moja.

Nikawaeleza yote palepale, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

Mama Anaeli alikuwa anachepusha maji, hakuinua hata kichwa. "Mwacheni," akasema. "Mnafikiri mimi sijui saa? Nasikia hiyo filimbi tangu mume wangu yuko hai. Huyu ndiye aliyekuwa anafikisha maji hapa."

Halafu akaongeza, "Lakini angeniambia, ningemwombea."

Dokta alivua kofia akajikuna kichwa. Akawaambia wanafunzi, "Mmeona? Mlimuuliza mtu sheria yake. Hamkumwomba awaonyeshe siku yake." Kwangu aligeuka akasema, "Katibu, program inaweza kurekebishwa leo. Shida ni kwamba ikirekebishwa, kila mtu ataona."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Ukiweka safari ya maji kwenye ratiba ya Alhamisi, wale wa juu kila mmoja anashuka kutoka saa tatu za maji mpaka saa mbili na dakika arobaini. Imeandikwa, ina rangi, iko ubaoni kanisani. Na wa juu kabisa Alhamisi ni nani? Mwenyekiti. Atauliza mbona zamani zilikuwa tatu. Nami nitasema nini?

Goodluck akanivuta pembeni. Nampenda yule kijana kwa hili, hakuficha. "Baba, tufanye kiutu uzima. We saini tu kama ilivyo. Sisi tunavuka mwaka, wewe filimbi yako inabaki siri. Ukirudi kwenye utaratibu wako wa zamani, nani atajua?"

Nilitamani. Naandika hapa nikiwa na miaka yote hii kichwani, na bado nakubali nilitamani. Ila watu sasa walishazoea kulinganisha simu na ratiba, filimbi ya uongo isingepita tena. Maana yake mimi ningepona, vijana wangepona, halafu maharage ya Mama yangekufa.

Zuhura alikuwa amesikia. "Saini ya namna hiyo mimi sitaki," akasema. "Bora nirudie."

Goodluck akamwambia, "Urudie peke yako, dada. Ada ya kwangu analipa shangazi, ukamwelezee wewe."

Nikawaambia wakae kimya wote. Nikawaambia Jumamosi kuna msaragambo, watu wote wa mfereji watakuwepo kusafisha, waje na ratiba iliyorekebishwa. Nilipofika nyumbani nikajuta kusema hivyo. Nilijuta Ijumaa nzima.

Jumamosi, watu wamemaliza kuzibua, wamekaa ukingoni na majembe, nikasimama. Sikupamba. Nikataja dakika ishirini, nikataja filimbi, nikataja na yule mwalimu.

Mwenyekiti alisimama polepole. "Miaka mingapi?"

"Tangu nimeshika filimbi."

"Yaani mimi, Mwenyekiti wako, umeniibia maji kila Alhamisi na jioni tunakunywa wote kibuyu kimoja?"

"Ndiyo, Mzee."

Mmoja nyuma akadakia, "Ndiyo maana nyanya zangu zinaoza kitako!" Yeye zamu yake ni Jumanne, lakini ukishakuwa mwizi kila nyanya ni yako. Mwingine akauliza kama hata ile saa yenyewe niliipata kihalali. Kelele tupu.

Nimtendee haki Mwenyekiti. Alikuwa na sababu ya kukasirika. Nilimkatia maji bila kumuuliza, hata kama maji yalikwenda mahali pazuri. Na nadhani angeniuliza siku hizo, ningemdanganya tena usoni.

Zuhura akasimama katikati ya makelele na karatasi yake. Alianza kuongea chuo chuo, hakuna aliyemsikiliza. Akaacha. Akamwendea Mwenyekiti, akapiga goti kidogo, "Shikamoo babu. Alhamisi nakuomba kitu kimoja. Saa tisa maji yakifunguliwa, wewe uwe umekaa kwa Mama Anaeli. Usitembee, kaa tu usubiri."

Mwenyekiti akamtazama. "Na nisipokaa?"

"Basi Katibu hasaini, sisi tunarudia mwaka, na babu utakuwa hujajua ukweli."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, ila Alhamisi alikwenda.

Saa tisa akakaa kwenye kigogo kwa Mama Anaeli. Saa tisa na nusu akauliza kama wamefungua kweli kule juu. Saa kumi kasoro akatuma mtu akaangalie. Saa kumi Mama akamletea ndizi za kuchemsha, akala huku anatazama mfereji. Saa kumi na robo maji yakatokeza kwenye kona, membamba kama mkojo wa mbuzi. Samahani mods, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Mwenyekiti akafuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Iandikeni hiyo safari."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe filimbi leta. Na debe mbili za pombe ya ndizi kwa wana mfereji wote. Umetuongopea kwa saa, utatuburudisha kwa debe."

Nilitoa. Yeye mwenyewe alikunywa ya kutosha, naona dakika zake zilirudi zote.

Saini niliweka siku ya presentation chuoni, nimevaa koti la harusi yangu. Kwenye sehemu ya maoni ya client nikaandika, "Wameandika nilichosema, kisha wakaandika ninachofanya." Dokta alisoma akanipa mkono kwa nguvu. Lakini maksi hakuwapa za juu! Aliwapa za kuvuka tu. Goodluck akalalamika, Dokta akamwambia, "Mngetembea siku ya kwanza mngepata zote." Niliona kama amewabana, baadaye nikaona labda ni sawa, mpaka leo sina uhakika.

Yule mwalimu wa shule nilimfuata nikamwomba radhi. Alicheka sana, akasema mke wake mwenyewe alikuwa anamwita mvivu kwa sababu ya filimbi yangu.

Laptop ilishakufa, ratiba ya kanisani ililiwa na mchwa. Katibu ni mwingine sasa, mtoto wa Mwenyekiti. Mama Anaeli ametangulia mbele za haki, shamba analima mwanawe. Lakini kwenye daftari, Alhamisi bado ina mistari mitano badala ya minne. Kati ya jina la tatu na la nne imeandikwa MAJI NJIANI, saa nane hadi tisa na robo. Hakuna anayeikata.

Kwa hiyo wakuu mnaotukana vyuo, nilichojifunza mimi ni kwamba wapo walimu waliowatoa watoto darasani, na ni kazi inayoumiza pande zote mbili. Na nyie vijana wa software, mtu mzima akikwambia "hapa hakuna upendeleo", usimbishie, mwambie tu, "Haya baba, twende ukanionyeshe."

Nakaribisha michango. Hasa nataka kusikia kwenye kazi zenu, ile filimbi yako unayopuliza mapema ambayo haimo kwenye kitabu chochote ni ipi? Mwenye matusi naye aweke, ila ajue Mwenyekiti alishatumia yale mazuri yote.